Maneno Yote ya Ndoa

"Ndoa ya uzeeni?"

"Opsigamy."

"Chuki ya ndoa?"

"Misogamy. Huo ndio ugonjwa wa mama mwenye hosteli yenu."

"Shh! Simu yangu ina sauti kama ya mnadani, atakusikia. Haya, kumuua mume?"

"Mariticide. Vibha, mbona leo maswali yako yananitisha?"

"Nataka ukifika kwenu ukumbuke kuna mtu huku anakusubiri."

Kundan alicheka. Nyuma ya kicheko chake Vibha alisikia magurudumu ya treni na muuza chai akipita kwenye behewa akinadi. Yeye mwenyewe alikuwa juu ya paa la hosteli mjini Patna, India, anaanika nguo, simu kaibana kati ya sikio na bega.

"Kwa hiyo utamwambia baba yako?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia nini hasa? Nisikie."

"Nitasema, baba, nimepata kazi ya serikali, umefurahi, umegawa peremende kijiji kizima. Sasa na mimi nina ombi langu. Kuna msichana. Anaitwa Vibha. Baba yake ana duka la peremende."

"Hapo kwenye duka la peremende atadondosha kikombe."

"Akidondosha nitaokota."

Vibha alikung'uta nguo akaitundika. Ukoo wa Kundan ulikuwa wa wenye mashamba. Wa kwao ulikuwa wa kukaanga jalebi na kuchemsha maziwa. Watu wa kule walinunua peremende kwa baba yake, wakala, wakaramba vidole, lakini binti yake kumwingiza ndani kama mkwe, hilo lilikuwa jambo lingine kabisa.

"Kundan."

"Naam."

"Kuoa nje ya tabaka lako, kunaitwaje?"

"Exogamy," alijibu polepole. "Hilo siwezi kulisahau hata nikifa."

Walijuana kwa maneno hayo. Mwalimu Jha, aliyewafundisha Kiingereza cha mtihani wa serikali, alikuwa na mtindo wake. Alisema maneno magumu ni kama koo za watu, ukimjua babu aliyeketi mkiani, wajukuu wote utawatambua hata ukikutana nao gizani. Siku moja akaandika ubaoni ukoo wa ndoa, yale yanayoishia na gamy, akawataka wasome wawiliwawili, mmoja aulize mwingine ajibu. Vibha akapangwa na kijana mwembamba mwenye sweta la kijani ambaye hakujua hata moja. Kufika mwisho wa majira ya baridi alikuwa anayajua yote, na Vibha alikuwa anajua kwamba kijana yule huwa anakunja mikono ya sweta anapotaka kusema jambo zito.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, Kundan alipita, akapangiwa kazi ya ukaguzi wa kodi. Vibha hakupita. Alilia kwa ajili yake mwenyewe, akafurahi kwa ajili yake Kundan, vyote kwa siku moja, mpaka Rukhsar, anayelala naye chumba kimoja, akamwambia, "Shoga, chagua moja, unanichosha."

Kosa lilifanyika hapo, na lilifanywa kwa furaha. Kituo cha Mwalimu Jha kilitundika bango njia panda. Picha ya Kundan kubwa kama mlango, jina lake, jina la baba yake, kijiji chake, na kazi aliyopata. Kundan alisita kupiga picha ile. Mama yake alikuwa amempigia akamwambia, "Mwanangu, huu ni msimu wa harusi. Kijana mwenye kazi ya serikali hajitembezi kama ng'ombe wa maonyesho." Lakini Vibha ndiye aliyemshika bega akasema, "Piga bwana! Umehangaika miaka yote hiyo, acha watu wakuone."

Wakamwona.

*

"Vibha, kaa chini kwanza," Rukhsar alisema. Ilikuwa asubuhi, wana sahani ya mchele wa kupondwa na maziwa mgando mbele yao.

"Kuna nini?"

"Kaa chini, nimesema."

Rukhsar akampa simu. Video ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya wanafunzi. Ua wa nyumba, taa za rangi, wanawake wanaimba nyimbo za harusi kwa nguvu kama wanaoficha kelele nyingine. Katikati kakalishwa bwana harusi, kavikwa taji la karatasi za kung'aa na kitambaa cha manjano, midomo imevimba. Analia. Wanaume wawili wamemshika mabega. Mwingine kamshika kiganja, kakichovya kwenye unga mwekundu, kakipeleka kwa nguvu kwenye utosi wa msichana aliyefunikwa uso. Unga ukamwagika mpaka puani kwa yule msichana.

Ndoa imekwisha kufungwa. Kwa desturi ya kule, utosi ukishaguswa na unga ule, basi, ni mume na mke, hata kama familia ya binti imemteka kijana mwenye kazi ili imwozeshe.

"Si yeye," Vibha alisema.

"Vibha..."

"Nimekwambia si yeye. Kundan hana kitambaa cha manjano."

Rukhsar akamkumbatia kwa nguvu. Vibha hakulia. Aliirudia video ile mara nyingi mno. Alikuwa mtu wa kutazama, tangu utotoni, na ndiyo maana aliona kitu ambacho waliokuwa wakiandika vichekesho chini ya video hawakukiona. Mikono ya yule msichana. Na yeye alikuwa ameshikwa, na mwanamke mnene aliyekaa nyuma yake, vidole vimembana hadi nyama imekuwa nyeupe.

Jioni simu ikalia. Namba ngeni.

"Vibha, ni mimi." Sauti ya kunong'ona.

"Uko wapi? Kundan, uko wapi?"

"Nimefungiwa. Rafiki yangu wa shule ya msingi alinialika kwenye harusi ya dada yake. Njiani wakanifunga mikono garini, kumbe bwana harusi ni mimi. Wamenipiga, Vibha. Waliniwekea bunduki kichwani."

"Simu umeipata wapi?"

"Ya huyu msichana. Babita. Ameniazima mwenyewe, amekaa mlangoni analinda. Sikumgusa, naapa kwa mama yangu. Nimemwambia habari zako zote. Nimemwambia nina Vibha wangu."

"Niwapigie polisi?"

"Mpigie mjomba wangu, yule wa Hajipur. Vibha, usiniache. Usiolewe. Nitatoka."

"Sitaolewa. Nakusubiri, sikiliza, nakusubiri hata..."

Simu ikakatika.

*

Alitoka. Mjomba alikuja na polisi, wakamchukua. Msichana akabaki kwao, si mke wala si mwali, unga mwekundu utosini, maana ndugu zake walimkataza kuufuta. Walisema iko siku mumewe atamfuata, kama wengine wengi walivyofuatwa baada ya hasira kupoa.

Kundan akafungua kesi ili ndoa ile ibatilishwe. Akaanza kazi. Alipokuwa na nafasi alikuja Patna, wakakaa ngazi za mtoni, wakala karanga, lakini maswali ya maneno hawakuulizana tena.

"Umemwambia baba?"

"Kesi kwanza, Vibha."

"Baba yangu naye ameanza kuleta watu nyumbani. Juzi kaja mmoja ana kiwanda cha biskuti, kaniuliza kama naweza kuimba."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia naweza kukaanga."

Kundan akacheka kidogo, kisha akaanza kukunja mikono ya shati.

"Wakili anasema mambo ni magumu. Kijiji chao kizima kimeapa kwamba nilikubali. Wanasema nililia kwa furaha. Mtu pekee ambaye hakimu atamwamini ni yule msichana, na yule msichana hawezi kusema kinyume cha kaka zake."

"Umemuuliza?"

"Nimuulizeje?"

Vibha akaitazama simu yake. Namba ile ngeni alikuwa bado nayo.

Ilimchukua muda kupata moyo. Siku alipopata, alikwenda juu ya paa, akapiga.

"Haloo?" Sauti ndogo, ya mtu aliyezoea kuzungumza akiangalia mlango.

"Babita?"

"Nani wewe?"

"Naitwa Vibha."

"Dada Vibha. Nilijua iko siku utapiga. Subiri nitoke nje, mke wa kaka yangu yuko jikoni." Mlango ukalia. "Haya. Nitukane."

"Sikupiga kukutukana."

"Wengine wote wananitukana. Kwao mimi ni mwizi wa mume. Kwetu mimi ni mzigo uliorudishwa."

"Ulijua?"

"Nilijuaje? Nilikuwa napepeta mchele. Mama akaja akaniambia kaoge, vaa hii. Nikauliza kuna nini, akanizaba kofi, kisha akalia. Kundan alitekwa nyara garini, dada. Mimi nilitekwa jikoni kwetu."

Vibha alikaa chini, kwenye saruji iliyopata moto.

"Babita, nina ombi. Ni zito. Ukinikatalia sitakulaumu."

"Unataka niseme ukweli mahakamani."

"Ndiyo."

"Unajua nikisema, kaka yangu mkubwa anaweza kwenda jela?"

"Najua."

"Na mimi nyumba hii sitaingia tena. Hata maji hawatanipa."

"Najua, mdogo wangu." Na alipolisema neno hilo, mdogo wangu, Vibha aliona aibu, kwa sababu halikumzuia kuendelea kuomba. "Lakini mimi na yeye tumeahidiana. Baba yangu anataka kuniozesha. Sina mtu mwingine wa kumwomba."

Mbuzi alilia karibu na Babita.

"Usiku ule alikuwa analia kama mtoto," alisema mwishowe. "Anasema Vibha, Vibha, Vibha. Nikawaza, huyo Vibha ana bahati. Mimi hakuna mtu duniani aliyewahi kulia akitaja jina langu. Sawa, dada. Nitasema."

"Mungu akulipe."

"Akulipe wewe kwanza. Na umpende sana, maana bei yake ni kubwa."

*

Chumba cha mahakama kilijaa jasho na watu wa vijiji viwili. Upande mmoja kaka zake Babita. Upande mwingine baba yake Kundan, mzee mwenye sharubu nyeupe na kilemba kilichopigwa pasi, hajamtazama mtu usoni tangu aingie. Vibha alikaa benchi la mwisho na Rukhsar. Kundan alimwona, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Amekuona," Rukhsar alinong'ona.

"Nimeona kwamba ameniona."

Babita akaitwa. Alikuwa mdogo kuliko Vibha alivyomdhania. Alivaa sari iliyomzidi, na utosini ule unga mwekundu.

"Binti," hakimu alisema, "siku ile kijana huyu alikuoa kwa hiari yake?"

Kaka mkubwa akakohoa. Babita alikisikia kikohozi kile, akamwangalia hakimu.

"Hapana, Mheshimiwa."

Chumba kikavuma kama nyuki.

"Kimya! Endelea."

"Walimleta amefungwa mikono. Walimpiga. Na mimi nilishikwa. Hakukubali hata kidogo. Alilia usiku kucha akitaja jina la msichana mwingine."

"Msichana gani?"

Babita aligeuka. Macho yake yalipita kaka zake, yakapita wazee, yakafika benchi la mwisho yakatua kwa Vibha. Kisha akamrudia hakimu.

"Hilo aulizwe mwenyewe, Mheshimiwa. Ni lake kulitaja."

Hakimu akavua miwani.

"Kijana, simama. Kesi yako nimeshaielewa, na jibu lako hapa halitabadilisha kitu, kwa hiyo usiogope. Ni kweli kuna msichana uliyekuwa umemwahidi ndoa?"

Vibha alimshika Rukhsar mkono. Ndio wakati huu, alijiambia. Mbele ya baba yake, mbele ya hakimu, mbele ya vijiji viwili. Alitaja jina langu nyumbani kwa watu waliomwekea bunduki, atashindwaje kulitaja hapa penye askari wa kumlinda?

Kundan alikunja mkono mmoja wa shati. Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa anatazama ukuta.

"Hapana, Mheshimiwa," Kundan alisema. "Hakuna mtu. Labda msichana huyu alisikia vibaya."

Rukhsar alitoa neno ambalo halisemwi mahakamani. Babita alibaki amesimama, mdomo wazi, kama mtu aliyempa mwenzake maji ya kunywa akamwagiwa usoni.

Kundan alishinda kesi.

*

Nje, chini ya ukuta wa mahakama, alimfuata Vibha mbio.

"Vibha! Vibha, simama. Nimekuwa huru. Umesikia? Nimekuwa huru!"

"Nimesikia. Nimesikia yote."

"Elewa basi. Baba alikuwa pale."

"Nilimwona."

"Ningelitaja jina lako mbele ya wazee wote wale, angekufa kwa mshtuko wa moyo. Nilitaka kwanza hili lipoe. Nitamwambia, naapa nitamwambia. Nipe muda kidogo tu."

"Ulisema utamwambia ukiwa kwenye treni. Ukasema utamwambia kesi ikiisha. Leo hukutakiwa hata kumwambia, Kundan, ulitakiwa kujibu tu. Neno moja. Ndiyo."

"Hujui uzito wa..."

"Mimi?" Sauti yake ilipanda, wapita njia wakageuka. "Nimefukuza wachumba mpaka baba yangu hasemi na mimi. Na yule mtoto kule ndani kaitupa nyumba yao kwa sababu nilimwomba mimi, kwa ajili yako wewe! Halafu unamwita mwongo mbele ya watu?"

Kundan akafunika uso kwa viganja. Alikuwa analia kweli. Vibha alimjua, hakuwa mtu wa machozi ya uongo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Walinishika mkono kwa nguvu, Vibha. Umesahau?"

"Sijasahau. Mkono walikushika wao. Leo ulimi alikushika nani?"

Kutoka kwenye gari lililoegeshwa barabarani, baba yake akaita kwa sauti tulivu, bila kugeuza shingo.

"Kundan. Twende. Mama yako anasubiri. Sasa tukutafutie mke wa nyumba ya heshima, wa watu wetu."

Kundan akamtazama Vibha. Akalitazama gari.

"Jumapili nitakuja Patna tuzungumze."

"Usije."

"Vibha..."

"Nenda, unaitwa."

Akaenda. Alitembea kinyumenyume hatua chache, kisha akageuka, akaingia garini, mlango ukafungwa. Rukhsar alimshika Vibha kiuno, safari hii bila utani wowote.

Watu walipopungua, walimwona Babita. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji nje ya lango, na furushi la nguo miguuni. Kaka zake walikuwa wamelitupa hapo kutoka kwenye trekta bila kusimama. Vibha akamwendea, akaketi kando yake kwenye vumbi.

"Nisamehe, Babita."

"Sikusikia vibaya, dada," Babita alisema. "Naapa. Alikutaja. Usiku kucha."

"Najua alinitaja."

"Basi kwa nini?"

"Usiku ule baba yake hakuwepo."

Babita akajifuta pua kwa ncha ya sari.

"Una pa kwenda?" Vibha aliuliza.

"Nina mama mdogo Muzaffarpur. Atanipokea au hatanipokea."

"Leo unalala kwetu. Kesho nitakupeleka mwenyewe. Asipokupokea turudi wote."

"Mama wa hosteli atatuua," Rukhsar alisema.

"Atuue."

Simu ya Vibha ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa Kundan: *Nakupenda. Hilo si uongo.* Aliusoma, akausoma tena. Alijua ni kweli. Alitamani ungekuwa uongo, angepata pa kuanzia kumchukia. Akaanza kuandika jibu, akafuta, akaandika, akafuta, mwisho akaizima simu.

Rukhsar alikwenda kwa muuza maandazi ya kuchoma yaitwayo litti, ng'ambo ya barabara, akarudi na maandazi yale ya moto yamefungwa kwenye karatasi, na biringanya la kuponda. Babita alikula kwa haraka, anaungua vidole, anapuliza, anakula. Hakuwa amekula tangu jana. Vibha alilishika lake mkononi tu, likapoa.

"Dada," Babita aliuliza, mdomo umejaa, bila kumtazama. "Ulimpenda sana?"

"Sana."

"Mpaka sasa?"

Barabarani vumbi la gari lile lilikuwa limeshatua.

"Mpaka sasa," Vibha alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.